Printa Isiyo na Waya katika Ofisi ya Linux: Nasaha kwa Watu wa Rohero

Mtu apitaye Rohero, mjini Bujumbura, siku ya kazi, baina ya kanisa kuu la Regina Mundi na maduka ya Chaussée Prince Louis Rwagasore, hakosi kuviona vibao vilivyoandikwa Secrétariat public, ambavyo nyuma yake mna vyumba vidogo vya watu wenye amali kubwa: kupiga barua, kutoa nakala za vyeti, na kukamilisha faili za waombaji wa kazi, wa pasi na wa nafasi za masomo. Chombo cha amali hiyo ni printa. Na tangu Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali Windows 11 inazikataa kompyuta nyingi kuukuu kwa kukosa kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, mwenye chumba cha namna hiyo akishauriwa na vijana aweke Linux ili aiponye mashine yake na kuepuka gharama ya kununua nyingine, swali linalomtoka kinywani kabla ya yote ni hili: je, printa yangu itakubali?

Jawabu ni kwamba itakubali, tena aghalabu bila ya kutafuta programu yoyote ya ziada, maadamu kazi imefanywa kwa taratibu yake. Printa ipewe kwanza makao katika mtandao wa ofisi, ijulikane kwa anwani isiyobadilika, ndipo kompyuta ijulishwe kwayo. Wengi huipindua taratibu hii: huanza na kompyuta, wakapakua programu hii na kuifuta ile, wakabonyeza kila kitufe kilicho mbele yao, na mwisho wakailaumu Linux kwa kosa lililo katika kisanduku cha mtandao kilichotundikwa ukutani. Makala haya yatafuata taratibu iliyo sawa, hatua kwa hatua, kwa faida ya mtu asiye fundi.

Kabla ya hapo yafaa msomaji ajue kwamba uhusiano wa printa na programu huria kama Linux ni wa tangu mwanzo. Takriban mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT huko Marekani, paliwekwa printa kubwa ya leza iliyotoka kampuni ya Xerox, yenye kasi nzuri lakini yenye tabia ya kukwamisha karatasi. Richard Stallman, mtaalamu wa maabara hiyo, alikuwa ameifanyia printa iliyotangulia hisani moja: aliirekebisha programu yake ili karatasi inapokwama, wote wanaongoja kazi zao wapate habari mbele ya kompyuta zao, wasiende chumba cha mashine na kukuta hakuna kilichochapwa. Alipotaka kuifanyia printa mpya vivyo hivyo alinyimwa matini ya programu yake. Hata mtu wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nayo alikataa kumpa, kwa sababu alikwisha toa ahadi ya kuificha. Kisa hicho ni miongoni mwa vilivyomsukuma kutangaza, tarehe 27 Septemba 1983, mradi wa GNU, ambao ulipokutana na kiini cha mfumo alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991, ulitupatia mifumo tunayoiita leo Linux.

Ndani ya mifumo hiyo, kazi ya kuchapa imekabidhiwa programu iitwayo CUPS, iliyoanzwa na Michael Sweet mwaka 1997 na kutolewa kwa watu mwaka 1999. Apple iliichukua mwaka 2002 kwa ajili ya kompyuta zake, na mwaka 2010 ikaleta AirPrint, ili simu zake ziweze kuchapa bila ya kuongezewa kitu. Hapo watengenezaji wa printa wakajikuta hawana budi kuzifundisha mashine zao kusema lugha moja inayofahamika na wote, iitwayo IPP, na lugha hiyo ndiyo hasa ambayo CUPS huisema. Tangu mwaka 2017, yalipotoka matoleo ya Linux ya Ubuntu 17.04 na Debian 9, kompyuta ya Linux yaweza kuitumia printa ya namna hiyo bila ya dereva, yaani programu ya kuiendesha printa, mahsusi ya kampuni. Natija yake kwa mnunuzi ni sahali kuishika: printa ambayo boksi lake limeandikwa AirPrint, Mopria au IPP Everywhere ni printa ya Linux, hata kama boksi hilo halitaji neno Linux mahali popote.

Basi nasaha ya kwanza ni ya dukani. Ukinunua mpya, tafuta mojawapo ya majina hayo matatu kabla ya kuuliza bei. Ukinunua iliyokwisha tumika, andika jina lake kamili na namba yake, uitazame katika orodha ya printa ya mradi wa OpenPrinting mtandaoni kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa baadhi ya mashine za zamani hazisemi IPP hata kidogo. Baadhi ya HP LaserJet za zamani, kwa mfano, huhitaji programu ya HPLIP pamoja na kiambatisho kilichofungwa ambacho hupakuliwa kutoka kwa kampuni yenyewe. Na zile za Canon zinazotumia lugha iitwayo CAPT zina usumbufu ambao mtu asiye fundi asijitakie. Mwombe muuzaji aiwashe printa mbele yako na kuichapisha karatasi ya maelezo yake. Kuuliza si ujinga, na karatasi hiyo itakueleza mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Pima pia hali ya umeme wa mahali pako. Printa ya leza hupika wino wa unga juu ya karatasi kwa joto kali, na kila inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Ukiichomeka katika UPS ndogo ya kompyuta, UPS hiyo aidha italia na kuzima, aidha itaharibika kabla ya wakati wake. Printa ya wino wa maji hula umeme kidogo, hata betri yenye inveta ya wastani huistahimili, lakini nayo ina udhia wake: umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi, kichwa cha wino hubaki wazi pasipo kurudi chini ya kifuniko chake, na vitundu vyake hukauka. Kwa hiyo mwenye printa ya wino aizime daima kwa kitufe chake yenyewe, asichomoe waya wa ukutani, na umeme uliokatika ukirudi aiwashe hima ili kichwa kirejee mahali pake.

Sasa tuingie katika mtandao. Jambo la kwanza la kufahamu, ambalo huwafariji wengi wanaohesabu mega zao, ni kwamba kuchapa kupitia Wi-Fi ya ofisi hakuhitaji intaneti. Barua hutoka katika kompyuta, ikapita kwenye rauta, yaani kile kisanduku cha mtandao, ikafika katika printa, bila ya kutoka nje ya chumba. Bando likiisha, au intaneti ya mji mzima ikikatika, printa itaendelea na kazi yake maadamu rauta ina umeme. Hata modemu ndogo ya mfukoni isiyokuwa na salio yaweza kuwa rauta ya kuchapia, ikiwa imeruhusiwa kuvikutanisha vyombo vilivyoungwa nayo.

Printa yenye skrini huunganishwa kwa kuchagua jina la mtandao na kuandika neno la siri. Isiyo na skrini huunganishwa kwa njia ya WPS: hubonyezwa kitufe cha rauta, na kabla ya dakika 2 kwisha hubonyezwa kitufe cha Wi-Fi cha printa, nazo zikapatana zenyewe. Ukimaliza, ingia katika mipangilio ya rauta uifunge WPS, kwa maana udhaifu wa namba zake 8 za siri ulidhihirishwa tangu mwaka 2011, na mlango usiotumika hauna haja ya kuachwa wazi.

Panapo taabu hapa, sababu huwa ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni masafa: rauta nyingi za siku hizi hutangaza mtandao wa 2.4 GHz na wa 5 GHz, ilhali printa nyingi za bei nafuu husikia ule wa 2.4 peke yake. Neno la siri laweza kuwa sahihi kabisa na printa isiuone mtandao, kwa sababu mtandao huo hausemi kwa sauti inayoisikia. Dawa yake ni kuiwasha 2.4 katika rauta, na ikilazimu kuipa jina lake mbali na la 5. Ya pili ni utengano: rauta nyingine, hasa katika mtandao uliowekwa kwa ajili ya wageni, humruhusu kila mtu kufika intaneti lakini huvizuia vyombo visionane. Kompyuta na printa zitaonekana zote mbili zimeungwa vyema, na hata hivyo moja haitaijua nyingine. Ziweke zote katika mtandao wa wenyeji, au uuondoe utengano huo katika mipangilio.

Printa ikishaungwa, iamuru ichape karatasi ya hali ya mtandao. Katika mashine nyingi hufanywa kwa kukishika kitufe chenye herufi i, au kile cha Wi-Fi, kwa sekunde kadhaa. Katika nyingine hupatikana ndani ya orodha ya skrini. Karatasi hiyo isomwe kwa utulivu, kwani ndani yake mna mambo matatu ya kushika: jina la mtandao ambao printa imeungwa nao, ambalo ni lazima liwe lilelile la kompyuta, anwani ya IP, ambayo aghalabu huanza na 192.168, na anwani ya MAC, yenye jozi 6 za tarakimu na herufi, ambayo ndiyo alama ya kudumu ya mashine. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, jua kwamba rauta haikuipa printa anwani, nayo imejipa yake kwa kubahatisha. Rudi nyuma uiunge upya, usisogee mbele.

Hapa ndipo penye siri ambayo ingaliwaondolea watu wa mji wetu nusu ya malalamiko yao. Rauta hugawa anwani kwa vyombo kadiri vinavyoomba, na rauta nyingi za bei nafuu hazikumbuki baada ya umeme kukatika ni nani alipewa ipi. Umeme ukirudi, simu ya mgeni ikaomba kabla printa haijaamka, simu hupewa anwani iliyokuwa ya printa, na printa hupewa nyingine. Kompyuta huendelea kuipeleka kazi kule kule kwa zamani, ambako sasa pana simu isiyojua kuchapa. Mwenye ofisi huona tu kwamba printa iliyofanya kazi jana leo imekataa, naye huanza kufuta na kuweka programu upya, ilhali programu haikuwa na kosa lolote.

Tadbiri yake hufanywa mara moja tu. Fungua ukurasa wa rauta katika kivinjari, ambao anwani yake, kama vile 192.168.1.1 au 192.168.0.1, huandikwa chini au nyuma ya rauta yenyewe. Tafuta sehemu ya DHCP, yaani ya ugawaji wa anwani. Kisha iandikie anwani ya MAC ya printa anwani moja ya IP iwe yake daima, mathalani 192.168.1.50. Zima printa, iwashe, uchape tena karatasi ya hali ya mtandao kuhakikisha kwamba imeipokea. Toka saa hiyo umeme ukatike na urudi upendavyo, printa itakuwa mahali pake.

Ndipo sasa tugeuke kwenye kompyuta. Katika Ubuntu iliyowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi hapa Bujumbura, fungua Paramètres, kisha Imprimantes. Mara nyingi utaikuta printa imekwisha jitokeza yenyewe, kwa sababu huduma iitwayo Avahi husikiliza mtandaoni na kuvitambua vyombo vinavyojitangaza. Ikijitokeza, chapa ukurasa wa majaribio uridhike. Isipojitokeza, bonyeza Ajouter une imprimante, uandike ile anwani uliyoipangia. Katika Linux Mint mambo ni karibu hayo hayo.

Lakini mimi huwashauri wenye ofisi wasitegemee kujitokeza huko, bali waiandikishe printa kwa anwani yake, kwa maana kilichojitokeza chenyewe chaweza kujificha chenyewe. Mtu asiogope dirisha jeusi la amri. Ni mstari mmoja tu, unaoandikwa ulivyo:

sudo lpadmin -p ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Maana yake ni hii: tengeneza foleni iitwayo ofisi, iruhusu kupokea kazi, iipeleke kazi hiyo kwa lugha ya IPP kwenye anwani iliyotajwa, na uiulize printa yenyewe juu ya uwezo wake, yaani karatasi gani inazipokea, kama inachapa pande mbili, kama ina rangi, badala ya kuyatafuta hayo katika faili la dereva. Kisha andika sudo lpadmin -d ofisi ili iwe ndiyo printa ya kawaida ya kompyuta hiyo. Asiyependa amri ataweza kufanya hayo yote katika kivinjari kwa kufungua localhost:631, ambao ni ukurasa wa CUPS yenyewe ndani ya kompyuta yake. Mashine ikiwa na skana pia, weka kifurushi cha sane-airscan, na skana nyingi za mtandaoni zitaonekana katika programu ya kuskani pasipo jambo jingine.

Kuna hitilafu moja ndogo ambayo huonekana kubwa. Kompyuta iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani hudhani kwamba karatasi ya dunia nzima ni Letter, yenye milimita 216 kwa 279, ilhali karatasi iliyomo katika kila duka la Bujumbura ni A4, yenye milimita 210 kwa 297. Printa hupokea kazi, hutazama trei yake, huona kwamba karatasi iliyoombwa haimo, nayo husimama huku taa ikimeta, ikingoja karatasi ambayo hakuna wa kuileta. Mteja amesimama, trei imejaa, na hakuna kinachotoka. Amri ya lpoptions -p ofisi -o media=A4 huyamaliza hayo, pamoja na kuchagua A4 ndani ya LibreOffice kwa barua zilizokwisha andikwa.

Siku printa itakapokataa, kwani ipo siku itakataa, usifute kitu. Jiulize kwa mpango uleule uliojengea: je, printa ina umeme, karatasi na wino? Je, imo katika mtandao? Andika ping 192.168.1.50 uone kama inajibu. Ikinyamaza, kosa liko kwenye mtandao, na muda utakaoutumia kwenye kompyuta ni wa bure. Ikijibu, andika lpstat -p utazame hali ya foleni, kwa kuwa CUPS yaweza kuisimamisha foleni baada ya kushindwa kuifikia printa, isiifungue tena hata printa ikirudi. Amri ya cupsenable ofisi, ikitanguliwa na sudo, huifungua. Ile ya cancel -a ofisi hufuta kazi zilizorundikana, zisije zikatoka zote kwa pamoja na kuumaliza wino kwa kuchapa mara nne barua iliyohitajiwa mara moja. Karatasi zikikwama mara kwa mara wakati wa masika, usiishutumu mashine kwanza: karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa na kujikunja, basi ihifadhi katika kanga yake na uitoe kwa kiasi cha kazi ya siku.

Lipo neno la amana ambalo wenye sekretarieti wanapaswa kulizingatia kuliko wengine. Mteja anayekuletea pasi yake, hukumu ya mahakama au cheti cha daktari hudhani kwamba akishachukua karatasi zake ameondoka na siri yake; kumbe CUPS, isipoagizwa vingine, huyaweka mafaili ya kazi zilizochapwa kwa siku nzima katika /var/spool/cups. Fungua faili la /etc/cups/cupsd.conf, uandike mstari wa PreserveJobFiles No, uwashe upya huduma ya CUPS, na kila kazi itafutwa mara inapokwisha. Vilevile tarehe 26 Septemba 2024 mtaalamu wa Kiitalia Simone Margaritelli alitangaza dosari katika huduma ya cups-browsed, ambayo kazi yake ni kuzitafuta printa mtandaoni, dosari zilizoweza kumpa mtu wa nje njia ya kuendesha amri ndani ya kompyuta ya mwingine. Marekebisho yalitolewa, basi usiache kupokea masasisho. Na kwa kuwa printa yako imekwisha andikishwa kwa anwani yake, hiyo huduma ya kutafuta huihitaji tena, nawe waweza kuizima kwa sudo systemctl disable --now cups-browsed pasipo kupoteza lolote. Kadhalika usikubali fundi yeyote aifungulie printa yako mlango wa kufikiwa kutoka intaneti, hata akikuambia ni kwa ajili ya wepesi.

Kazi hii yote, kwa mtu mtulivu, haizidi asubuhi moja, lakini faida yake itadumu tu ikiwa haikubaki kichwani mwa mtu mmoja. Kata kipande cha karatasi, uandike juu yake jina la mtandao, anwani ya IP ya printa, jina la foleni, na zile amri za ping, lpstat, cupsenable na cancel. Ukibandike ubavuni mwa printa, na neno la siri la rauta uliweke mbali, mahali panapojulikana na watu wawili. Kisha mwite mwenzako wa ofisi, uizime rauta mbele yake, uiwashe, na umwache aifikishe kazi kwenye karatasi kwa mkono wake mwenyewe wakati wewe umekaa kimya. Akishindwa, ongeza katika kipande hicho neno lililomkosesha njia.